Mwaridi Usiolala: Mhadhara juu ya Kulima Waridi Lenye Harufu Katika Bustani za Kigobe



Asubuhi moja ya mwezi wa Oktoba, jua likiwa halijavuka vilima vilivyo mashariki yetu, alibisha hodi mlangoni pangu bibi mmoja wa mtaa wa Buyenzi, mtu wa umri wa mama yangu, akiwa na kikapu kitupu mkononi, akaniambia: "Mwanangu, nimesikia una mawaridi. Nahitaji machache tu, usiku tuna maulidi nyumbani." Nikamkaribisha bustanini kwa furaha, nikamwonyesha kwanza mwaridi niliokuwa nikiupenda kuliko yote, wenye maua makubwa ya rangi ya chungwa, kila ua limesimama juu ya kikonyo kirefu kama mshumaa. Akainama, akalishika ua moja kwa vidole viwili chini ya kikombe chake, akalinusa, kisha akaliachia taratibu bila kusema neno. Akaenda kwa la pili, akanusa, akaliachia. Alipofika kwenye kichaka kifupi kilichokuwa pembeni, karibu na pipa la maji, chenye maua matatu tu ya rangi ya damu ya mzee, alinusa akafumba macho, akakaa hivyo muda wa kutosha mtu kusoma Fatiha. "Hili ndilo waridi," akasema. "Yale mengine ni maua."

Nimeianza hotuba yangu kwa kisa hiki kwa sababu jambo nitakalo tulizingatie pamoja si namna ya kupata mawaridi mengi, wala namna ya kupata mawaridi makubwa, maana yote mawili hupatikana kwa samadi na maji na mtu asiyechoka. Nitakalo ni kuzungumza juu ya waridi lenye harufu, na jinsi ya kulipata katika mji huu wetu ulio bondeni, kando ya Ziwa Tanganyika, ambapo joto halituagi mwezi wowote na mmea uliolelewa katika nchi za baridi hauna msimu wa kulala. Nami dai langu, ambalo nimelifikia baada ya miaka mingi ya kulima na kukosea, ni kwamba mwaridi wa mtaa wetu wa Kigobe hufa kwa kukesha zaidi kuliko unavyokufa kwa njaa. Na kwamba mwenye bustani wa hapa, pamoja na kuupa maji na mbolea, yampasa awe ndiye aupaye usingizi.

Mmea tuuzungumzao, ambao wakulima wa maua wauita mwaridi chotara wa chai, si wa kale kama wengi wadhanivyo. Waridi la kale, lile la marashi, ndilo ambalo wazee wa pwani walilijua kwa jina la halwaridi, na ambalo hata leo lalimwa katika Jabal Akhdar nchini Oman, katika vijiji vilivyopandana juu ya magenge kwa kimo cha mita 2,000 hivi, likachumwa alfajiri tangu mwishoni mwa Machi hata Mei, na kupikwa katika majiko ya udongo mpaka mvuke wake utone maji. Na maji hayo ndiyo yatiwayo katika mrashi na kunyunyiziwa wageni mikononi, Muscat kama Unguja, Unguja kama Ujiji na Buyenzi. Lakini waridi lile huchanua mara moja kwa mwaka, kisha likanyamaza. Mwanzoni mwa karne ya 19 yalifika Ulaya kutoka Uchina mawaridi ya namna nyingine, yenye shingo dhaifu, yasiyostahimili theluji, ila yenye sifa mbili zilizowashangaza watu: yalichanua tena na tena mwaka mzima, na harufu yake iliwakumbusha baadhi yao kasha la majani ya chai lililofunguliwa sasa hivi. Ninyi mliopata kusimama asubuhi nje ya kiwanda cha chai cha Teza au cha Rwegura mna haki kuliko wengi ya kulihukumu jina hilo. Mimi nililinusa waridi la namna hiyo mara moja tu, nalo jina nikaliona la kweli.

Ukoo huu wa Uchina ukaoana na wajukuu wa mawaridi ya kale ya Ulaya, na mwaka 1867, katika kitalu cha Jean-Baptiste Guillot mjini Lyon, nchini Ufaransa, likazaliwa ua la rangi ya waridi iliyopauka, lenye kung'aa kama fedha, lililopewa jina la La France. Na wengi hulihesabu kuwa ndilo la kwanza la kabila hili la machotara. Tangu hapo waridi likawa na umbo tulijualo leo: tumba refu lililochongoka, petali zilizojikunja nje moja baada ya moja, na kikonyo kimoja kwa ua moja. Lakini manjano halisi hayakuwamo katika ukoo huo. Aliyeyatia ni Joseph Pernet-Ducher, naye pia mtu wa Lyon, ambaye baada ya majaribio ya miaka mingi akiutumia mwaridi wa manjano wa Uajemi alipata ua lililotolewa mwaka 1900 kwa jina la Soleil d'Or, yaani jua la dhahabu. Mtu huyu alifiwa na wanawe wawili katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wote wawili vitani, na mawaridi mawili aliyoyatoa baada ya vita akayapa majina yao, Claudius na Georges. Siwezi kulitaja waridi la manjano pasi na kumkumbuka baba yule kitaluni mwake, akiandika majina ya watoto wake juu ya vibao vya miche.

Nimewaleta huku kote kwa sababu. Ule mwaridi wa Uajemi, pamoja na manjano yake, ulikuja na majani yaliyo mepesi mno kushikwa na ugonjwa wa madoa meusi, na udhaifu huo ukaenea kwa watoto na wajukuu wake. Kwa hiyo mwezi wa Novemba, mvua zinaposhika hapa Kigobe, nanyi mnapoona majani ya chini yamepigwa vidoa vyeusi vyenye kingo za manyoya, kisha yakageuka manjano yakaanguka yote kwa juma moja, mnatazama deni lililokopwa Lyon zaidi ya miaka 100 iliyopita, likalipwa katika udongo wetu.

Na harufu je? Harufu nayo ina historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya kupotea. Anayelima waridi la kuuza, kama walimavyo kando ya Ziwa Naivasha nchini Kenya, ambako mawaridi hukatwa leo na kupandishwa ndege kwenda Uholanzi, hutaka ua lenye petali nene, lenye kikonyo kigumu, litakaloshinda katika maji mezani mwa mnunuzi siku nyingi bila kunyauka. Na walio wastadi wa kuzalisha aina mpya wamemtumikia mlimaji huyo vizuri, wakachagua kizazi baada ya kizazi kwa sifa hizo, na harufu, ambayo haionekani katika picha wala haihesabiki katika sanduku, ikaachwa nyuma njiani. Sisemi hivyo kwa kuwalaumu watu wanaokula jasho lao. Nasema kwa sababu mche ununuliwao mjini bila kuulizwa asili yake huenda ukawa wa ukoo huo, nawe ukaumwagilia miaka mitano ukingoja harufu ambayo haikuwamo.

Mwaka 2015 wataalamu wa Ufaransa walitangaza jambo lililonifurahisha sana. Waliyachukua mawaridi mawili mekundu, moja liitwalo Papa Meilland, lenye harufu nzito, na jingine liitwalo Rouge Meilland, lisilonukia, wakachunguza ni nini kifanyikacho ndani ya petali za la kwanza kisichofanyika ndani ya la pili. Wakakuta kimeng'enya kimoja kisichotarajiwa, ambacho mahali pengine katika viumbe kazi zake ni nyingine kabisa, na ambacho katika petali za waridi hushika hatua ya lazima katika kutengeneza jeraniolo, moja ya viini vya ile harufu tuiitayo ya waridi. Katika ua linukialo kimeng'enya hicho kina bidii. Katika lile lingine karibu hakipo. Basi nadhani mtaelewa furaha yangu nikiwaambia kwamba kichaka kile kifupi kando ya pipa langu la maji kilikuwa ni Papa Meilland. Bibi wa Buyenzi alikuwa amekwisha kutoa hukumu ile ile kwa pua yake, katika muda wa Fatiha moja.

Sasa natuje nyumbani. Mji wetu umekaa kando ya Tanganyika kwa kimo cha mita 770 na ushei juu ya bahari, na Kigobe imeinuka kidogo tu kuelekea vilima. Mchana joto hufika daraja 28 hata 30, na usiku halishuki sana. Mvua hushika tangu Oktoba hata mwanzoni mwa Mei, zikipungua kidogo katikati; kisha huja kiangazi, ambacho Warundi hukiita Ici, cha Juni mpaka Septemba, chenye vumbi na anga iliyofifia hata milima ya Uvira ng'ambo ya ziwa isionekane. Linganisheni na Bugarama kule milimani, ambako gari hufika kwa mwendo wa saa moja hivi, mkajikuta mmevaa makoti: kule mwaridi humea karibu bila kuulizwa hali. Hapa kwetu joto huliharakisha ua. Tumba ambalo katika baridi lingechukua juma zima kufunguka, hapa hufunguka kwa siku mbili, petali zikiwa chache zaidi na nyembamba zaidi, na harufu iliyotengenezwa ikapeperushwa na jua la saa nne kabla mwenye nyumba hajatoka kuinusa.

Mwenye bustani wa Ulaya ana mtumishi asiyemlipa ujira, naye ni baridi ya mwaka. Baridi huuvua mwaridi majani yake, yale yenye madoa na yale yenye ukungu, ikausimamisha utomvu, ikaulaza mmea miezi mitatu au minne, na mmea ukaamka na nguvu zote zilizowekwa akiba katika mizizi na matawi. Mwaridi wa Kigobe hauna mtumishi huyo. Huchanua Januari, huchanua Machi, huchanua Juni, na sisi kwa kufurahi twaupa mbolea ili uchanue tena. Kila duru ya maua huwa ndogo kuliko iliyotangulia, kila kikonyo chembamba zaidi, mpaka mwaka wa nne au wa tano twasema udongo umechoka. Udongo haukuchoka.

Desturi ninayoifuata mimi ni hii, nami naitaja kwa kirefu kwa kuwa ndiyo kiini cha mhadhara wangu. Ifikapo katikati ya Juni naacha kukata maua. Yaliyochanua nayaachia yapukutike yenyewe juu ya mti, na chini ya petali kitunda cha kijani kikavimba. Mmea ukiona una kitunda hutulia, huacha kutoa machipukizi mapya. Maji nayapunguza kufikia nusu ya kawaida, wala siyakati, kwa kuwa udongo wetu una mchanga mwingi na kiangazi chaweza kuua. Mbolea ya aina yoyote sitii. Shina nalifunikia matandazo ya maganda ya mpunga, yapatikanayo kwa wingi kutoka uwanda wa Imbo, unene wa kiganja kizima, nikiacha nafasi ya vidole vinne kuzunguka shina lenyewe ili lisioze, nami nachungulia chini yake kila juma kwa sababu mchwa wa hapa hupenda kivuli kuliko sisi. Miezi miwili na nusu bustani yangu haina la kumwonyesha mgeni. Najua kwamba hiyo ndiyo miezi ya harusi katika mji huu, na kwamba Julai na Agosti hapapiti juma bila binti wa jirani kuja kuomba mawaridi ya meza kuu; nami nimejifunza kumwambia, kwa upole na kwa kumaanisha, mwanangu, yamelala.

Mwisho wa Agosti ndipo napogoa. Nimekuja na tawi moja, nalo naliinua ili na walio nyuma walione. Hapa palipo na alama kama nyusi iliyokunjwa ndipo jani lilipokuwa limeshika, na juu ya nyusi hiyo mwaona jicho, kichomo chekundu kisichozidi punje ya mtama. Humo ndimo tawi la kesho lilimo. Natafuta jicho linalotazama nje ya kichaka, maana linalotazama ndani litakuja kuziba njia ya upepo. Kisha nakata juu yake kwa nafasi ya nusu sentimita, kwa mshazari, mteremko ukielekea upande usio na jicho ili tone la mvua litiririkie huko. Nikikata mbali mno juu ya jicho, kisiki kitakauka na kuoza kurudi chini. Nikikata karibu mno, jicho lenyewe hufa. Tazameni sasa moyo wa tawi nililolikata: ni mweupe kama nazi. Ukiwa wa kahawia, tawi limekufa ndani ingawa ganda lake ni la kijani, na yafaa kuzidi kushuka, kidogo kidogo, mpaka uuone weupe. Wala siupogoi mwaridi wa hapa mpaka chini kama vitabu vya Ulaya viagizavyo. Mmea ambao haukulala usingizi mzito hauna akiba ya kujiotesha upya kutoka kwenye kisiki. Natoa thuluthi moja tu ya urefu wake, na matawi yaliyokufa, na yaliyopishana yakikwaruzana, kisha nayavua kwa mkono majani yote ya zamani yaliyobaki na kuyachoma moto mbali na bustani. Siku hiyo nautia samadi ya ng'ombe iliyooza mwaka mzima, ndoo moja kwa kila mti, nayarudisha maji yote, na kuanzia hapo nahesabu majuma sita au saba. Maua ya Oktoba ndiyo bora ya mwaka. Ndiyo aliyoyakuta bibi wa Buyenzi.

Kuhusu kupanda nitasema machache, kwa kuwa wengi wenu ni wakulima na shimo mnalijua. Liwe la sentimita 60 kila upande, lichanganywe mboji, na yafaa sana mboji ya maganda ya kahawa iliyokaa mpaka ikanyamaza joto lake, maana udongo wa uwanda wetu mahali pengi huelekea kuwa na magadi, ilhali mwaridi hupenda udongo wenye uchachu kidogo. Jani changa likiwa manjano na mishipa yake ikabaki kijani, jueni mmea unakosa chuma kwa sababu hiyo, na msiuongezee majivu ya jikoni. Nafasi kati ya mti na mti isipungue sentimita 80. Jua lipatikane tangu asubuhi hata mchana, kisha kivuli chepesi cha alasiri, kama cha mpapai au cha mgomba uliosimama upande wa magharibi.

Lakini juu ya kuta lazima niseme zaidi, kwa kuwa ni kosa langu mwenyewe, na Kigobe ni mtaa wa kuta. Mwaka nilipohamia hapa nilipanda miwaridi sita kwa safu chini ya ukuta wa matofali uliopigwa chokaa, wenye kutazama magharibi, nikidhani utaikinga na upepo. Maua yalikuja, na kila moja lilipofunguka kingo za petali zake ziliungua zikawa za kahawia, kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa, kabla ya siku kwisha. Nililaumu maji, nikalaumu miche, nikanunua dawa. Usiku mmoja umeme umekatika, nikaegemea ukuta ule nikitazama taa za wavuvi ziwani, nao ulikuwa na moto mgongoni mwangu kama ubavu wa ng'ombe, na hiyo ni saa nne ya usiku. Miwaridi yangu haikuwa na mchana tu wa joto, hata usiku wake nilikuwa nimeunyang'anya. Nikaihamishia katikati ya uwanja, mita tatu kutoka ukutani. Miwili ilikufa katika kuhamishwa. Minne ikaishi, na harufu niliyokuwa nimeisoma vitabuni nikaijua kwa mara ya kwanza miezi minne baadaye.

Jambo jingine ni shina la kubebea. Miwaridi mingi ya namna hii haisimami juu ya mizizi yake yenyewe, bali jicho lake limebebeshwa juu ya mwaridi mwingine wa porini, wenye mizizi yenye nguvu. Kule Naivasha hutumia sana ule uitwao Natal Briar. Mahali pa ungio pamevimba kama kifundo cha mguu, na katika nchi yetu isiyo na theluji kifundo hicho kikae juu ya udongo kwa upana wa vidole vitatu. Mwaka mmoja niliona mwaridi wangu umetoa fimbo ndefu za kijani kilichopauka kutoka chini, nikafurahi, nikazimwagilia. Baada ya miezi miwili zikatoa vishada vya maua meupe madogo, na waridi langu jekundu lilikuwa limekwisha kufa njaa juu ya mizizi iliyokuwa ikiulisha mwaridi mwingine. Fimbo za namna hiyo zifukuliwe mpaka zinapoanzia, kisha zinyofolewe. Zikikatwa kwa mkasi hurudi tatu.

Magonjwa yanayo majira yake. Mvua huleta madoa meusi, ambayo mbegu zake hurushwa na matone kutoka jani lililoanguka hadi jani lililo hai, na huhitaji jani liwe na maji kwa muda wa saa saba hivi ndipo ziote. Kwa hiyo anayemwagilia kwa kunyunyiza juu ya majani wakati wa magharibi huyapa maji usiku kucha, na kuufanyia ugonjwa karamu. Mwagilieni asubuhi, chini, shinani. Kiangazi huleta ubwiri wa unga mweupe juu ya machipukizi, ambao unga wa kibiriti huutuliza, mradi usitiwe wakati wa jua kali ukaunguza majani. Na huleta utitiri mwekundu, ambao jicho haliuoni vizuri, ila jani huwa kama limenyunyiziwa vumbi la manjano, na ukiligeuza wauona utando mwembamba kuliko wa buibui. Dawa ya utitiri iliyo bora nimeiona ni maji matupu, yaliyorushwa kwa nguvu chini ya majani saa mbili asubuhi, siku tatu mfululizo, jua likipata nafasi ya kuyakausha.

Mtaniuliza tupande lipi. Papa Meilland, lililotolewa mwaka 1963, sina moyo wa kuwakataza, lakini ni gumu katika joto, hushikwa na ubwiri, na hutoa maua machache. Ndiyo sababu kichaka changu ni kifupi. Linao ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja, wote wawili waliozaliwa Marekani na kutolewa mwaka 1964, nao ni Mister Lincoln na Oklahoma: wazazi wa wote watatu ni Chrysler Imperial na Charles Mallerin, na wote watatu ni wekundu wenye giza na harufu nzito. Hao wawili huvumilia joto kuliko ndugu yao, na kama ningekuwa na nafasi ya mti mmoja tu katika uwanja wa Kigobe, ningepanda Mister Lincoln. Double Delight la mwaka 1977 ni kitu cha ajabu katika jua letu, maana petali zake hufunguka nyeupe kama malai, kisha kila palipopigwa na jua huwa jekundu, hata asubuhi na alasiri ni kama maua mawili. Harufu yake ina ukali wa viungo. Fragrant Cloud la Mathias Tantau, Mjerumani, linanukia hata kwa mtu aliyesimama mbali. Na Peace, lililopewa jina hilo mwaka 1945 vita vikimalizika, waridi lililopendwa na walimwengu pengine kuliko lolote, ninalo mti mmoja kwa ajili ya jina lake katika nchi hii, ingawa harufu yake ni hafifu.

Limebaki suala la kuchuma, na hilo sikufundishwa na kitabu. Bibi yule alirudi mwaka uliofuata, na wa tatu, kila mara kwa maulidi, na kila mara alfajiri. Nilimwomba aje saa tatu, nimpe chai kwanza, akakataa. Alikuja saa kumi na mbili kasoro, umande ungali juu ya petali, na kikapu chake kimetandikwa kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa. Hakuchuma tumba, wala hakuchuma ua lililokwisha kuonyesha moyo wake wa manjano; alichukua lile lililofunguka nusu, ambalo petali za nje zimelegea na za ndani zingali zimeshikana kama vidole vya mtoto aliyelala. Alinipa mkasi nikate mwenyewe, kwa kuwa alisema mti ni wangu, nami nikakata juu ya jani la kwanza lenye vijani vitano, kama nilivyozoea. Alifunika kikapu kwa upande wa pili wa kitambaa kabla jua halijatokeza juu ya vilima. Akaniambia kwamba mama yake, katika kiambo cha Ujiji, alikuwa akiyatandaza maua jioni juu ya sinia chumbani, na mlango ukifungwa hata asubuhi. Na asubuhi mlango ulipofunguliwa, aliyepita barazani alisimama.

Mwaka huu kile kichaka cha pembeni kimetoa machipukizi manane tangu nilipokipogoa. Nimeyahesabu jana. Yakifuata hesabu yangu yatachanua juma la pili la Oktoba, na kikapu chake nimekwisha kukitengea nafasi karibu na pipa la maji.